Hajira Hataki Kusikia Neno ‘Koko’

Jua ndiyo kwanza linachomoza Sindeni, wilayani Handeni, na nguruwe pori wameshafika mpakani mwa shamba. Hajira Mhina hawaoni. Anawajua kwa masikio ya mbwa wake. Watasema, ndilo jina la mbwa huyo, jike mwembamba wa rangi ya majani makavu ya mahindi, amesimama chini ya dungu la kulindia shamba, mkia umejikunja mgongoni, habweki. Anazunguka kwa chini, halafu anatoka mbio.

Kichaka kinatikisika, nguruwe wanakoroma, wanakwenda zao. Hajira anashuka kutoka dunguni, anamkagua mbwa miguu yote minne, hatabasamu. Kazi hiyo, anasema, zamani ilifanywa na mbwa watano. Wanne walipigwa risasi mwaka jana, asubuhi moja, papo hapo mpakani.

“Halafu ofisini wakaniambia nimewaandikisha koko mwenyewe,” anasema.

Hajira ana miaka hamsini na minne, na katika kata hiyo hakuna anayemzidi kwa mbwa. Ukoo wa mbwa wake aliachiwa na marehemu baba yake, msasi, aliyeupata kwa baba yake. Wahenga walisema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Hajira anaongeza kwamba mbwa wa mkulima lazima awe na akili zaidi, maana msasi huenda porini akitaka, mkulima huletewa pori mpaka mlangoni.

Gregori, rafiki wa familia anayeishi Kwamndolwa, Korogwe, mjukuu wa wakata mkonge, hushikilia kwamba mbwa hao wamechanganyika na wale wa mabwana wa mashamba ya mkonge. Hajira humcheka. Mbwa wale wa kuletwa na meli, humjibu, walikufa kwa ndorobo na kupe kabla hawajaijua njia. Hawa wa Wazigua walikuwepo na wakabaki.

Kwa macho hawatishi. Kifua kipana, kiuno chembamba, masikio wima, manyoya mafupi ambayo kupe hapati pa kujificha. Asubuhi huenda na mbuzi malishoni, jioni hulinda mahindi. Humfukuza nguruwe kimya kimya, lakini humbwekea nyani dume kwa mbali, kwa kuwa wanajua meno yake. Mgeni hawamng’ati, humsindikiza tu mpaka mwenyeji amtambue.

Mume wa Hajira, Mustafa, ni mtu wa swala tano, na mbwa hakanyagi uani kwake. Sahani zao ziko shambani, banda lao liko shambani. Hilo halina ugomvi, ndivyo wengi wa huku wanavyofuga. Ila ndilo lililowaponza.

Mwaka jana kichaa cha mbwa kiliingia kijiji cha jirani, kipaza sauti kikapita na tangazo: mbwa wenye wenyewe wafungwe nyumbani, wavishwe mikanda shingoni, mbwa koko watapigwa risasi. Uani hakuwa na ruhusa ya kuwafunga, basi Hajira alinunua mikanda. Siku ya pili mbwa mmoja akikimbia nyuma ya nguruwe alinaswa mkanda kwenye miiba, akakutwa anatweta, ulimi nje. Hajira akashika kisu, akaikata mikanda yote. Alijiambia Sindeni nzima inawajua mbwa wake. Waliokuja na bunduki hawakuwa wa Sindeni.

Alikwenda ofisi ya mifugo na kadi za chanjo za miaka mitatu, mihuri yote ipo. Alidhani atapewa pole. Mtu wa mezani akaweka kidole kwenye mstari mmoja: aina ya mbwa, koko. Tangazo lilisema koko, akamwambia, na kadi zako zinasema koko.

Usemi ule wa kumpa mbwa jina baya kabla ya kumuua, watu huutumia kusemana wao kwa wao. Hapa ulimkuta mbwa mwenyewe. Kwa mmoja koko ni mbwa asiye na mwenyewe, kwa mwingine ni mbwa yeyote asiye wa kizungu, na hakuna aliyejisumbua kuuliza. Mbwa wa tajiri akiota jua barabarani anatajiwa kabila lake. Wa mkulima akiwa kazini anaitwa mzururaji. Inaudhi, na haifai kusemwa kwa upole.

Hasira nyingine ya Hajira ni juu yake mwenyewe.

“Nimemaliza la saba, kusoma najua. Zile kadi nilikaa nazo kwenye kopo, sikuzisoma hata siku moja. Hilo simsingizii mtu.”

Msimu ule alivuna magunia matatu badala ya kumi na tano. Watasema alipona kwa sababu alikuwa Kwamndolwa kwa Gregori, amepelekwa kupandishwa. Sasa ana watoto watano wa miezi mitatu, na wiki hii kipaza sauti kimepita tena. Msako wa mbwa koko unaanza Jumatatu.

Ndiyo maana saa nne asubuhi Hajira yuko mbele ya meza ya chanjo, Watasema kwa kamba, watoto ndani ya tenga. Iddy, bwana mifugo kijana, anamwamkia kwa heshima, anadunga sindano sita vizuri kabisa, kisha anachukua kalamu. Anafika kwenye mstari wa aina. Hajira anaweka kiganja juu ya kadi.

“Hilo usiandike, mwanangu.”

“Niandike nini, mama? Mbwa wa kizungu tunaandika Jamani, waliobaki koko.”

“Koko hana mwenyewe. Mwenyewe wa huyu ni mimi, nimesimama mbele yako.”

Foleni inanung’unika. Mmoja anasema mbwa ni mbwa. Hajira hageuki, wala haondoi mkono. Iddy anaiweka kando kadi ile, anaanza mpya: mbwa wa kienyeji, wa kazi, Sindeni. Mwenyewe: Hajira Mhina. Anaandika hivyo kadi zote sita.

Hajira anazisoma moja moja pale pale, foleni ikisubiri. Watoto watatu atawagawia majirani waliopoteza mbwa wao siku ile ya risasi, na kila atakayechukua atasoma kadi mbele ya Hajira. Mikanda hatawavisha, miiba ni ile ile. Jumatatu atakuwa shambani tangu alfajiri, kadi mkononi, amekaa katikati ya mbwa wake.

“Wakija na bunduki, wanikute mimi kwanza,” anasema. “Wasome. Halafu wanionyeshe ni yupi hapa asiye na mwenyewe.”