Siku Tatu za Kuwa Sanamu

Sanamu la kwanza lilikuwa la plasta, rangi ya waridi, na lilivunjika shingo kwenye kivuko cha mto Lualaba. Mgiriki mmoja mwenye duka la nguo pale Kasongo alikuwa ameliagiza kutoka mbali ili alivike suti mpya za drili nyeupe, marobota mawili mazima, ambazo watu walikuwa wakizipapasa na kuziacha. Kilichofika dukani ni kiwiliwili na mguu mmoja. Kichwa, walisema wapakuzi, kilitumbukia majini kikashika njia ya Kindu peke yake. Nadhani kivuko kilimwokoa Mgiriki na aibu, maana katika mji wetu hakuna aliyehitaji kuonyeshwa kwamba wazungu wana nguo.

Akatafuta mtu wa kusimama badala yake, akanipata mimi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, shule nimemaliza, kazi ya ukarani naisubiri, na asubuhi nyingi niliisubiri nikiwa nimekaa kwenye baraza lake. Alinipima kwa macho kama anavyopima kitambaa. Mabega yangu makavu, ambayo mama yangu aliyasikitikia tangu nilipoacha kunyonya, yaliingia katika lile koti kama yalishonwa pamoja nalo.

"Weye iko sanamu," akaniambia. "Siku tatu. Asubuhi mpaka adhuhuri. Hapana tembea, hapana sema, hapana cheka. Siku ya tatu ikiisha, suti iko yako. Ukitikisika, hata kidogo, unavua."

Nilikubali kabla hajamaliza, na sababu yangu ilikuwa Kabambare. Huko kulikuwa na binti niliyemwona mara moja tu, kwenye arusi ya jamaa zetu, akiwapitishia wageni sinia la wali. Shangazi yangu, dada yake baba, aliona jinsi nilivyolitazama lile sinia, akalibeba jambo mpaka kwa wazazi wake. Jibu lilikuja kwamba baba wa binti angeshuka Kasongo Jumapili anione kwa macho yake. Mimi nilikuwa na kaptula mbili za shule na shati moja lililogeuzwa kola. Siku za duka zilikuwa Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi. Hesabu ilikaa vizuri mno, na tangu hapo siziamini hesabu zinazokaa vizuri.

Nilipandishwa juu ya kreti la sabuni lililofunikwa kwa kaniki, mkono mmoja mfukoni, mwingine umenyanyuka kidogo, kama mtu aliyekumbuka jambo zuri. Mgiriki akanitundikia kifuani kipande cha karatasi chenye bei.

Saa ya kwanza ni ya mwili. Pua inawasha, goti linalalamika, nzi anakutembelea mdomoni kwa utaratibu wa mpima ardhi. Baada ya hapo kitu fulani kinalegea. Kila nilichokitazama kilianza kuja kwangu taratibu, kama kinaelea. Wanawake walipita na vikapu vya mpunga vichwani, na ilionekana vikapu ndivyo vinavyotembea, wanawake wamening'inia chini yake. Baiskeli yenye madumu ya mawese ilipita. Muda mrefu baadaye ndipo niliposikia kengele yake. Harufu ya drili mpya, ule wanga wake, ilinifunika kama mvuke wa wali. Sikuwa na usingizi wala sikuwa macho. Mji niliozaliwa ulikuwa ukiota, nami nilikuwa kitu kimoja kilichosahauliwa ndani ya ndoto yake. Nimesoma vitabu vizito tangu wakati ule, vingine vya falsafa, na hakuna kilichonifikisha tena pale kreti la sabuni liliponifikisha bure.

Watu walijaa, bila shaka.

"Huyu mutu iko muzima?"

"Haiko mutu. Wazungu wanatengeneza hivi kwa mashini."

"Mashini gani inatoa masikio kama ya baba yake? Namujua, ni wa kule nyuma ya musikiti. Ee kijana! Mama yako anakuita, ugali unaungua!"

"Mutekenye."

"Mutekenye weye, bei utalipa weye."

Mgiriki aliuza suti sita siku ile. Kilichowashinda wachokozi ni kwamba hawakujua pa kunishikia, mpaka mmoja wao, fundi cherehani, akapata wazo. Alisimama mbele yangu, akafunga vifungo vyote vya kanzu yake, akasema kwa sauti ya heshima kabisa, "Asalaam aleikum."

Asiyekulia katika nyumba zetu hatajua uzito wa mtego ule. Kwetu unaweza kukataa chakula na unaweza kukataa mchumba, ila salamu ya amani lazima uiitikie, na aliyekusalimu aisikie. Mgonjwa huitikia. Wagombanao huitikiana, kisha huendelea kugombana. Niliuona mdomo wangu ukitaka kwenda wenyewe, nikaukamata kwa meno ya nyuma. Baraza zima likaangua kicheko.

Jioni nilimweleza shangazi. Hakuwa mtu wa chuo, lakini katika familia yetu fatwa nyingi zilitoka jikoni kwake.

"Itikia moyoni," alisema, akipepeta mchele. "Mungu anasikia ya moyoni."

"Na aliyenisalimu?"

"Yule fundi? Anakutafutia kuanguka. Mwachie Mungu amfikishie."

Ijumaa nilisalimiwa labda mara hamsini, na zote niliziitikia moyoni, kwa ukamilifu, na baraka juu yake. Niliona raha hata. Nilikuwa msikiti mdogo uliofungwa milango, ndani mnaswaliwa.

Jumamosi jua lilikuwa jeupe kama suti. Ilikuwa imebaki kama saa moja kufika adhuhuri, nami nilikuwa nimezama mbali sana, pale ambapo vikapu vinatembea vyenyewe, nilipomwona mzee akiibuka kutoka vumbini. Kanzu yake ilikuwa nyekundu kwa udongo mpaka magotini, na kwapani alikuwa na mwavuli. Watu wengine wote walinitazama suti. Yeye alinitazama usoni, kama mtu anavyomtazama mtu.

"Asalaam aleikum, mwanangu."

Moyoni nikaitikia.

"Asalaam aleikum," akarudia, akidhani sikusikia. "Nimetoka Kabambare. Nimepata lori mapema. Nielekeze nyumba ya—" na akataja jina la baba yangu.

Kwa miaka mingi nimewasimulia watu kwamba wakati ule sikuweza kusema, kwamba nilikuwa nimezama mno, sauti yake ikinijia kama kutoka chini ya maji. Ni simulizi nzuri, na wanafunzi wangu huipenda. Si kweli. Niliweza. Nilijua ni nani, na ulimi ulikuwa tayari. Nilipiga hesabu: imebaki saa moja, suti hii nimeitafuta kwa ajili ya mzee huyu huyu, nikiitikia nitampokea kwa kaptula. Basi nikamnyima salamu ili nipate nguo ya kumpokelea. Baadaye niliingia chuo kikuu kusomea kufikiri, na nadhani walionisajili hawakuwa na habari hii.

"Mzee, ile ni sanamu!" fundi akapaza sauti. "Haitikii!"

Mzee akasogea. Aliniangalia tone la jasho lililokuwa likishuka kutoka sikioni hadi kwenye kola, akalisindikiza kwa macho mpaka likaingia ndani.

"Sanamu haitoki jasho," alisema, bila hasira. Akafungua mwavuli wake, akaenda kumwuliza njia mwanamke wa mpunga.

Adhuhuri ilipoadhiniwa Mgiriki alinipa mkono na suti. Nilitembea nayo nyumbani kwa miguu iliyokufa ganzi. Mzee alikuwa amekaa mkekani na baba, kikombe cha chai mbele yake. Nilisalimu, wakaitikia wote wawili, yeye kwa sauti wazi kuliko baba. Kisha akamgeukia baba.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye."

"Nimekwisha mwona."

Chai aliiacha pale ilipo, na alfajiri alipanda lori la kurudi kwao. Shangazi alijifungia jikoni siku mbili na hakutoa fatwa yoyote.

Wiki mbili niliishi kama mtu aliyeacha mlango wazi mahali fulani. Kisha nikaenda ofisi ya teritwari, kwa wakubwa wa serikali, kuomba ruhusa ya safari, kwani zama zile hukutoka eneo lako bila karatasi. Karani, mtu wa misheni mwenye kalamu mbili mfukoni, aliuliza sababu.

"Naenda kuitikia salamu."

Alinitazama, akaandika: mambo ya jamaa.

Nilisafiri juu ya magunia nikiwa nimevaa ile suti, kwa kuwa sikuwa na akili bora zaidi. Dereva aliposhuka Lusangi kutia maji kwenye injini, watoto wa barabarani hawangejua kwamba suti ile iliwahi kuwa nyeupe. Nilifika Kabambare alasiri, na rangi yangu ilikuwa ya barabara kuanzia nywele hadi viatu. Mzee alikuwa ameketi kizingitini akisuka kamba. Nilisimama mbele yake, na badala ya kusalimu nikasema kile nilichokuja nacho:

"Wa aleikum salaam, baba."

Aliendelea kusuka mpaka mwisho wa uzi.

"Ile ya dukani?"

"Ile ya dukani. Nilikuitikia moyoni, baba. Niliambiwa Mungu anasikia."

"Alisikia, sina shaka," akasema. "Lakini aliyekusalimu nilikuwa mimi." Akasogea kunipisha. "Umekuja mbali kuileta. Nimeipokea. Ingia, utakula."

"Na lile jambo lingine, baba?"

"Lile hapana. Binti yangu nimewaahidi watu wa kule Wamaza, juzi. Wali upo."

Nilipaswa kugeuka niondoke na heshima yangu, kama vijana wa hadithi. Nilikuwa na njaa. Niliingia, nikakaa mkekani na vumbi langu, naye akamwita binti alete maji ya kunawa.

Alikuja na birika na bakuli, akapiga magoti upande wa pili wa mkeka. Habari za Jumamosi ile walikuwa wameshaambiana, niliona kwenye kona za mdomo wake. Nilikuwa nimehitimu jambo moja tu hapa duniani, kutazama bila kupepesa, na sikuwa na mahali pengine pa kulitumia. Hakuinamisha macho. Maji yalianza kushuka juu ya mikono yangu, mekundu kwanza, kisha ya kahawia, kisha meupe, na mikono ilikuwa imetakata zamani lakini hakuna aliyeiondoa. Baba yake alikohoa. Bakuli lilijaa, maji yakapita ukingo, yakaenda taratibu chini ya mkeka hadi magotini mwangu. Naye bado anamimina.