Kondoo wa Burul na Tai wa Meerim

Pazia jeupe limefungwa kwenye kona ya chumba, na nyuma yake ameketi bibi harusi aliyeletwa jana. Wanawake wa ukoo wa mume wanasukumana mlangoni. Anayetaka kumwona uso sharti atoe kitu kwanza, na leo hakuna aliyekuja mikono mitupu.

Burul Asanakunova amepanda juu ya kiti, viatu amevua, kamera iko begani. Pazia linafunuliwa, noti zinadondoka kwenye shali iliyotandazwa, bibi harusi anainama, wanawake wanapiga kelele za furaha. Kisha pazia linashushwa tena kusubiri kundi jingine.

"Wewe dada, yule shangazi mbona hujampiga?" anafoka mama wa bwana harusi. "Mtu katoa ndama mzima, usimpige?"

"Nimempiga, mama. Mpaka meno yake ya dhahabu nimeyapiga."

Chumba kizima kinacheka. Burul hacheki, macho yake yako kwenye zile noti.

"Huyu binti watamwona maisha yao yote, anakamua ng'ombe, anagombeza watoto," anamwambia mwandishi wetu baadaye uani, sahani ya nyama magotini. "Lakini kumwona mara ya kwanza wanalipia. Hiyo ndiyo köründük, na hujasikia mtu akilalamika. Mimi miaka mitatu nawaomba wenye ruzuku walitazame ombi la filamu yangu, kwao sijapata hata ndururu."

Burul ana miaka thelathini na tisa na hapa Naryn hakuna asiyemjua. Harusi, tohara, sherehe za wazee kutimiza miaka, zote anazipiga yeye. Kwa sherehe moja hulipwa som elfu kumi na mbili, na katika hizo hutoa mafuta ya gari na ujira wa kijana wa kuhariri. Ni kazi ya kumlisha mtu. Si kazi ya kutengenezea filamu.

Na filamu ya kutengeneza anayo. Inamhusu mzee Shamen, msafisha theluji wa njia ya mlimani ya Kyzyl-Bel. Kila majira ya baridi mzee huyo hukaa peke yake kwenye kibanda kule juu na tingatinga lake bovu. Tufani ikivuma hadi dereva asione hata mkono wake, hutoka nje na kugonga kipande cha reli kilichoning'inizwa mlangoni, ili walio barabarani wajue njia iko upande gani.

Mwakani handaki litafunguliwa chini ya mlima. Magari yatapita humo na kibanda kitafungwa. Kwa hiyo Burul amebakiwa na majira haya tu ya baridi. Yakipita, hakuna filamu tena, hata akipewa fedha za dunia nzima.

Mara tatu ameandika maombi ya ruzuku kwenye mfuko mmoja wa ng'ambo unaosaidia watengeneza filamu wasio na kampuni. Mara mbili alijibiwa kwa shukrani nyingi na fedha hakuna. Mara moja alifika mpaka kwenye mahojiano ya mtandaoni.

"Wakaniuliza kwa adabu kabisa, huyu mzee anafuga tai? Nikawajibu anafuga paka. Wakaandika kitu. Nikajua imekwisha."

Swali la tai lina mwenyewe aliyelianzisha, na hapo ndipo linapoingia jina ambalo Burul hulitamka kama mtu anayetema mbegu. Meerim Jakypova walisoma naye upigaji filamu Bishkek, mji mkuu, na walilala chumba kimoja cha bweni miaka minne. Buti za baridi walikuwa na jozi moja nzuri, wakivaa kwa zamu. Leo Meerim anaishi huko huko mjini, anaalikwa kwenye matamasha ya filamu, na filamu zake zote mbili zina tai, na ng'ambo wanazipenda.

Wahenga walisema hasidi hana sababu. Burul anazo, tena yuko tayari kukutajia moja baada ya nyingine hadi chai ipoe.

"Tai namwona hewani tu, simjui," anasema. "Lakini Meerim namjua. Anaogopa kuku! Bwenini kuku nilikuwa nachinja mimi. Leo picha yake iko gazetini, kashika tai mkononi, kakunja uso kama kazaliwa kwenye kiota!"

Kisha kuna kisa cha Aprili, ambacho mtaa mzima unakijua na ambacho mumewe, Emil, hupenda kukisimulia mwenyewe.

Siku hiyo Burul alikuwa akisubiri jibu la ombi lake la tatu. Nyuma ya nyumba alikuwa na kondoo mmoja aliyemnenepesha kwa pumba, wa kuchinjwa siku ya kwanza ya kazi, wazee wapate kula na kuomba dua. Bila dua hiyo mzee Shamen alikuwa ameapa hatasimama mbele ya kamera ya mtu yeyote.

Akaingia mbio jirani yao, Damira mwenye duka, simu mkononi, akipiga kelele: "Süyünchü! Süyünchü!" Ukisikia hivyo unajua kuna habari njema, na mleta habari ana haki ya zawadi.

"Mke wangu hakuuliza habari gani," anasema Emil. "Alisema, 'Chukua kondoo!' Mimi mwenyewe nikapiga makofi."

Damira akavuta pumzi. "Meerim wako kashinda! Ile ruzuku ya filamu, wamempa Meerim! Nimeona sasa hivi kwenye simu!"

Damira hakuwa na hila. Aliwakumbuka wasichana wawili waliokuwa wakishuka kwenye basi la Bishkek wameshikana mikono, na akadhani Meerim akishinda, ni kama Burul naye ameshinda. Neno lilikuwa limeshatoka, mbele ya mume na mbele ya mama mkwe. Damira akaondoka na kondoo.

"Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma," anasema Burul. "Kisha nikaenda zizini nikalia. Sio kwa kondoo. Nilikuwa na wivu, sikufichi. Nilitamani tai amdonoe."

Juma hilo Meerim alipiga simu. Alitaka Burul amshikie kamera ya pili kwenye filamu mpya, kwa malipo mazuri, Januari na Februari. Ni miezi ile ile ya tufani kule Kyzyl-Bel. Burul alikataa kwa maneno ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapisha.

Akili ilimjia mwezi Juni, kwenye harusi kama hii ya leo, akilipiga picha pazia. Majira ya baridi yaliyotangulia alikuwa amepanda kwa mzee Shamen mara kadhaa na kupata dakika kumi na mbili za picha. Hakuna aliyewahi kuziona. Basi mwezi uliopita alitundika pazia la bibi harusi kwenye ukuta wa mgahawa wa madereva ulio chini ya mlima, akaweka bakuli mlangoni, na kutangaza: anayetaka kuona, atoe köründük.

Madereva walikuja na utani wao. "Bibi harusi mwenyewe ndiye mzee Shamen? Basi nirudishieni changu!" Picha zikaanza. Ukutani kulikuwa na weupe mtupu, na ndani ya weupe huo ile reli ikigongwa, ikigongwa, muda mrefu hadi mtu anaanza kukosa raha. Kisha zikatokea taa mbili za gari. Akashuka mama na mtoto mchanga amefungwa koti, na mzee akaanza kuwagombeza huku akiwasukumia chai.

"Hicho chuma kiliniokoa mwaka ule," alisema dereva mmoja wa lori la makaa. Akatoka nje, akarudi na ahadi ya tani moja ya makaa. Mwingine akatoa dizeli, mwingine minyororo ya magurudumu. Bakuli halikutosha.

Nyuma kabisa, karibu na jiko, alikuwa amesimama Meerim. Hakuna aliyemwalika. Alikuwa akipita na magari yake kutafuta mahali pa kupigia picha tai.

"Nani alikwambia ukiache chuma kigongwe muda wote ule?" alimuuliza Burul taa zilipowashwa.

"Hakuna. Vidole viliganda, nikashindwa kuzima."

Meerim aliangalia ukuta. "Mimi nina watu sita na sijawahi kupata kitu kama kile. Nimekasirika, Burul. Wallahi nimekasirika. Na andiko lako la ruzuku ni baya, wanajopo walinionyesha nikaona aibu. Kurasa nzima unaeleza handaki! Anza na chuma, mjinga wewe."

Akaondoka bila kuaga wala kutia kitu bakulini.

"Usiku ule nililala kama mtoto," anasema Burul. "Meerim, kanionea wivu mimi! Kilichoniuma ni kimoja tu, kuhusu andiko alisema kweli."

Ameliandika upya, na linaanza na chuma. Jibu linatarajiwa kabla ya theluji. Likija la kukataa, atapanda vivyo hivyo, kwa makaa na dizeli ya madereva, akakae na mzee Shamen hadi theluji iyeyuke. Damira ameshaonywa kwamba akiwa na habari aseme kwanza ni za nani.

Harusi imekwisha na Burul amerudi nyumbani kwake. Zizini kuna kondoo mgeni, aliyeshushwa na lori siku chache baada ya onyesho, amefungwa shingoni kitambaa chenye neno moja: köründük. Jina la mtumaji halikuwekwa, na halikuhitajika.

Burul anampapasa mgongo, anabonyeza mkia, anasonya.

"Mwone. Hata kondoo, wake mnene kuliko wangu." Anamtupia pumba. "Theluji ya kwanza namchinja kule juu, dua isomwe, kazi ianze. Na Meerim nitamwita aje ale. Lakini akitaka kuona zaidi ya zile dakika kumi na mbili, atatoa tena."