Sweta niliyomfumia mama mkwe wa Mbeere, akaifumua nikiona

Wakuu, habari za huko mliko.

Nina kisa cha likizo ya Agosti. Ni changu mwenyewe, sikuhadithiwa na mtu, na pale nitakapoonekana mjinga sitafuta.

Kwanza mjue mimi ni mwanaume na ninafuma sweta kwa sindano. Wa kucheka acheke sasa amalize, tuendelee.

Mama yangu alitulea kwa kufuma sweta za shule hapa Githongo, Meru, na kati ya watoto wote mimi ndiye nilikuwa nakaa karibu naye. Siku hizi nauza kwenye duka la agrovet, la mbegu na dawa za mifugo, pale Makutano. Wateja wakipungua, natoa sindano chini ya kaunta. Kitabu nakifungua kando, nakibana na jiwe la mizani. Vidole vinafuma, macho yanasoma. Nimezoea.

Kabla ya likizo nilikuwa na project tatu. Soksi za mtoto wetu Kendi, skafu yangu mwenyewe ambayo kila mwaka naanza na haiishi, na ile kubwa yenyewe, sweta ya mama mkwe.

Kitabu kilikuwa riwaya nene ya Kiswahili niliyoipata kwa muuza vitabu vya mitumba. Inahusu mama mjane ambaye mashemeji wanamnyang'anya shamba mpaka anawapeleka kortini. Ilinishika vibaya sana. Kesi ilipokaribia kusikizwa nikafunga kitabu kwa nguvu, nikajiambia hizo sura za mwisho ni za vacation.

Sasa twende kwa sweta.

Mke wangu Wanjira ni wa Mbeere, upande wa Ishiara. Mambo ya posa tuliyamalizia Embu mjini kwa mjomba wake, kwa hivyo kwao kabisa nilikuwa sijawahi kufika. Mama yake nilikuwa nimemwona vizuri mara moja tu, alipokuja kwetu kuona mtoto. Ilikuwa Julai ya mwaka jana, na mnajua baridi ya Githongo mwezi wa Julai. Huyo mama alikaa jikoni kando ya moto muda wote, amejifunga leso mbili na koti la mke wangu juu. Nikamhurumia. Nikasema moyoni, huyu lazima apate sweta.

Lakini kulikuwa na jambo lingine, na ndilo lilikuwa linanisumbua.

Mama huyo alikuwa ananiogopa. Mnajua vile watu husema Wameru tuna hasira. Yeye alisikia hayo tangu ujana wake, akayaamini. Kila akipiga simu anamuuliza Wanjira, "Huyo mtu wa Meru anakuweka vizuri? Hajakuinulia mkono?" Wanjira anacheka. Mimi sikuwa nacheka. Sijawahi kumgusa mke wangu hata kwa kidole, na hapa kuna mzazi analala akiwaza mtoto wake yuko kwa simba. Iliniuma.

Na kumweleza mwenyewe haiwezekani. Kwetu na kwao kuna ile heshima ya mkwe, tunaiita nthoni. Mwanaume haketi na mama mkwe wakapiga stori. Unasalimia kwa adabu, unapita.

Nikaona basi sweta itanisemea.

Nikaifuma dukani, kwa siri, ili hata Wanjira asishtukie. Uzi mara mbili ndio iwe nzito. Bluu, na kola ya maruni ya kufunika shingo yote. Nilifumua na kurudia mikono mpaka ikakaa sawa. Wakuu, nimefuma sweta nyingi, hiyo ilikuwa bora kuliko zote.

Agosti ikafika, tukashuka Ishiara.

Lile jua sina maneno yake. Mbuzi walikuwa wamejibana kwenye kivuli cha ukuta wakihema. Ndengu zimeanikwa uwanjani zinapasuka zenyewe. Nikaanza kuvua jaketi, mkono mmoja ukiwa umetoka, ndipo nikakumbuka nimebeba nini kwenye begi.

Zawadi ni zawadi, nikampa Wanjira ampelekee mama. Akaifungua, akaikunjua, akanitazama.

"Baba Kendi, hii ulimfumia nani?"

"Mama."

"Mama yupi?"

Baba mkwe akaishika akasema hiyo ni blanketi iliyowekewa mikono. Watu wakacheka, hata mimi nikacheka kidogo. Mama hakucheka. Aliigeuza ndani nje, akaipapasa kwenye mishono, akashukuru akiwa ametazama chini, akaingia nayo ndani. Nikasema hiyo imeenda sandukuni mpaka mwisho wa dunia.

Afadhali ingeenda sandukuni.

Siku chache baadaye, asubuhi, niko kwenye veranda na chai. Ng'ambo ya uwanja, kwenye kivuli cha jikoni, mama ameketi na ile sweta mapajani. Ameshakata mshono wa kwapa. Anavuta uzi na kuuzungushia mkononi. Mkono mzima wa sweta ulikuwa umeshaisha, umekuwa bonge.

Wakuu, damu ilipanda. Yale maneno ya Wameru na hasira, siku hiyo niliyaamini mimi mwenyewe. Kazi ya miezi, mtu anaifumua nikitazama, hata hajaivaa mara moja. Nikasimama. Sijui nilitaka kufanya nini, lakini nilikuwa nimesimama.

Wanjira alikuwa anachambua ndengu karibu na mimi. Hakuinua hata kichwa.

"Baba Kendi, keti. Hasira hasara."

"Unaona anachofanya?"

"Naona. Keti usome kitabu chako."

Nikaketi. Nikafungua riwaya, na kwa sababu mdomo ulikuwa unataka kutoa kitu, nikasoma kwa sauti. Nilisoma kama mtu anayegombana. Mjane akaingia kortini, wakili wa mashemeji akasimama, mimi nasoma tu.

Baadaye kidogo nikainua macho. Mama alikuwa ameacha kuvuta uzi.

Kesho yake Wanjira akaja na ujumbe. "Mama anauliza kama yule mjane alipewa nafasi ya kuongea."

Kumbe mama Kiswahili anakisikia vizuri sana, cha redio na cha kanisani. Basi nikasoma tena. Na siku iliyofuata pia. Mimi kwenye veranda, yeye kwenye kivuli cha jikoni, uwanja katikati, nthoni yetu haijavunjwa. Sweta iliisha yote ikawa mabonge. Mama akatoa kitako cha kiondo, kile kikapu cha kusuka, alichokuwa ameanza kwa katani, akaanza kukisuka na ule uzi wangu. Bado nilikuwa na kinyongo, sitadanganya. Lakini nilisoma.

Siku ya mwisho mjane akashinda kesi. Mama akapiga makofi peke yake kule jikoni, kisha akaona haya akainama.

Tulipokuwa tunaaga, akaja mpaka nusu ya uwanja na kiondo kile. Bluu, mkanda wa maruni katikati, ile ile maruni ya kola. Akampa Wanjira anipe. Ni kidogo, na nilipoweka riwaya ndani pamoja na sindano vikaenea sawasawa.

Halafu akaongea na Wanjira, lakini kwa Kiswahili ili nisikie.

"Mwambie nilikuwa naogopa umeolewa na mtu wa hasira. Mtu wa hasira akifuma, uzi unakaza pengine, pengine unalegea, na ukikatika anapiga fundo tu. Hii nimefumua yote kwa mkono wangu, mwanzo mpaka mwisho. Sijaona mahali alikasirika."

Nikatazama chini kama mkwe mwenye adabu. Macho yalikuwa yamejaa maji. Nilikumbuka vile nilisimama siku ile pale veranda, nikamshukuru Mungu na mke wangu kwamba niliketi.

Kwa hivyo funzo langu ni hili. Ukimpa mtu kitu, kiachie mkono kabisa. Mimi nilitaka avae, kumbe yeye alitaka kuisoma.

Sasa kile kiondo nakwenda nacho kazini Makutano, wenzangu wanasema nimebakisha kutoboa masikio. Waache waseme. Na Jumapili mama alipiga simu, Wanjira akapokea, nikasikia, "Si wewe, nipe Baba Kendi." Akataka kujua kama nimeanza kitabu kingine.

Haya, uwanja ni wenu. Mliowahi kumpelekea mkwe zawadi ikageuka, tuambieni ilikuwaje. Na mwanaume mwenzangu unayefuma kwa siri, hapa uko nyumbani. Unaweza hata kunisaidia kumaliza hii skafu.