Kidole Kwenye Mstari

Mkunga mkuu wa wodi yetu hakadirii damu kwa macho. Tangu watafiti walipotuletea mifuko ya plastiki ya kukingia damu, yenye mistari ya vipimo, kila anayejifungua huwekewa mmoja chini ya makalio, naye mkunga huinama, kidole kwenye mstari, akisoma kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza. Husoma, kisha husoma tena. Jana daktari mgeni akamtania: "Sista, miaka thelathini kazini, macho bado hayajazoea damu?"

"Yalizoea," akasema, kidole hakijaondoka kwenye mstari. "Mdogo wangu alipojifungua, yaliniambia ile damu ni ya kawaida. Mwanawe hajawahi kuniita mama mkubwa. Ananiita mama."