Kano ya Bahati Ndani ya Kisanduku

Niliondoka Goma kwa sababu ya kidole gumba. Jiwe lilimkata Bahati, mchimbaji wa madini ya koltani wa Rubaya, kano ya kidole hicho, na maabara yetu ikamwoteshea nyingine kutokana na chembe zake mwenyewe. Nilipewa kazi ya kuifikisha kwa daktari aliyekuwa huko. Ilikuwa ndani ya bioreakta: kisanduku chenye joto la mwili na kijikono kinachoivuta na kuilegeza bila kupumzika. Kano isiyozoeshwa kazi haifai kushonwa.

Sake, asubuhi. Papa Kasereka, mwenye moto, pikipiki ya kunibeba, alikitazama kisanduku mapajani mwangu.

"Dada, hii kitu inapumua?"

"Inafanya mazoezi," nikacheka. Yeye hakucheka.

Baada ya Mushaki ukungu ulishuka. Njia ile hujaa wapagazi wenye mifuko mgongoni. Siku hiyo hatukupishana na mtu. Kwenye tope Papa Kasereka alizima moto, tukasukuma. Kimya kilikuwa kizito, nami nikasikia kisanduku: vuta, legeza, vuta. Yesu wangu, nywele zilinisimama.

Rubaya, mchana. Nilipitia kwanza kwa mama yake Bahati. Ua ulijaa watu waliokaa chini. Mama aliona koti langu jeupe, akaruka.

"Iko muzima?"

Nilidhani anaulizia kano. "Muzima kabisa, Mama!"

Vigelegele! Mama akanipita mbio mpaka barabarani. "Iko wapi? Mumemuacha ku hopitali?"

Kumbe Bahati alikuwa amerudi kuchimba kwa mkono mmoja, na shimo likamfunika. Wachimbaji na wapagazi wote walikuwa mlimani wakimtafuta, na hapo uani walikuwa wanangoja habari. Kwa Kiswahili chetu "iko" ni mtu, "iko" ni kitu; ikanibidi nimweleze Mama kwamba mimi nilisema kano tu. Nilitamani ardhi inimeze, kisha nikaona haya kwa kuwaza hivyo hapo Rubaya.

Jioni wachimbaji walishuka mlimani mikono mitupu. Hawakumpata, wala hawangempata.

Mama akavuta kisanduku kwake. "Hii njo kano yake?"

"Yake, Mama."

"Na iko muzima. Sasa tutaizika namna gani?"

Akaniambia nimwonyeshe kitufe cha kuzimia, akakibonyeza mwenyewe. Kijikono kilivuta mara moja zaidi, kikasimama. Ndipo akalia.

Kesho yake walizika kile kiuzi cheupe, kifupi kuliko kijiti cha kiberiti. Kaburi walilichimba la urefu wa mtu.

Nikiwa naondoka, nimeshajifunza kuuliza "nani?" kabla ya kujibu, Mama alinishika mkono.

"Kule Goma kumebaki kidogo yake?"

"Imebaki, Mama. Chembe yake iko mu frigo, imelala."

Akatazama mlima.

"Hiyo musizime."

Mpaka leo hatujazima.