Boksi Lisilo na Jina

Wifi yangu Delfina akiwa safarini hamwamini hata anayemwombea dua. Ni mpiga picha wa harusi pale mjini Bacolod, na tangu mwizi alipompasulia begi kwa wembe ndani ya basi, aliapa kuwa laptopu yake haitasafiri tena ndani ya begi la laptopu. Huizungushia taulo, akaitia kwenye boksi la biskuti na kulifunga kwa kamba ya plastiki. Kwetu hakuna anayevuka maji bila boksi la biskuti la kuwapelekea ndugu, kwa hiyo nani atalitazama mara mbili?

"Kwani mwizi hali biskuti?" nilimtania.

"Anakula, wifi, lakini na yeye kabeba zake."

Kila msafiri huandika jina la mpokeaji kwenye boksi lake. Delfina hakuandika kitu. Jina lake, alisema, lingewaambia wezi ndani mna nini.

Asubuhi hiyo tulivuka kwa boti kwenda msibani Iloilo, kwenye kisiwa cha jirani. Wiki iliyotangulia alikuwa amepiga picha za harusi ya Analyn, binti wa mzee Teopisto. Mzee alikuwa mtu wa kiti cha magurudumu tangu alipopata kiharusi, lakini siku ile alisimama akacheza na binti yake wimbo mzima. Delfina alikuwa amewakataza wageni kutoa simu, kwa kuwa zinamharibia picha, hivyo video ya ngoma ile alikuwa nayo yeye peke yake. Siku chache baadaye mzee akafariki. Analyn aliomba jambo moja tu, amwone baba yake akiwa amesimama, kabla hawajamzika alasiri ile.

Tulipofika kwa wafiwa, Delfina akakata kamba. Akapekua boksi mpaka chini. Biskuti tupu.

"Diski ya nakala iko wapi?" nikamnong'oneza.

"Humo humo kwenye boksi."

"Na kadi za kamera?"

"Nilizifuta. Jumamosi nina harusi nyingine."

Nilitamani kumzaba kofi. Mtu anaogopa wezi wa nchi nzima, halafu kitu na nakala yake anavifunga pamoja!

Analyn alikuwa ametokea mlangoni, macho yamemvimba. "Dada Delfina, umekuja nayo?"

"Nimekuja nayo, mdogo wangu. Nipe muda kidogo tu."

Uongo ule ulinikata maini. Nikaligeuza boksi, na chini yake nikaona maandishi: Mama Puring, nyuma ya soko, Oton. Botini maboksi yote yalirundikwa pamoja, mengi ya duka moja, na mpagazi alitupatia la kwanza lililomjia mkononi. Sisi tukalipokea bila kuliangalia.

Tukachukua pikipiki ya abiria hadi Oton. Njiani simu ya Delfina ikaita, nikaipokea mimi. Walikuwa wafiwa: padri alikuwa ameshafika.

Nyumbani kwa Mama Puring tulisikia mabishano kabla hatujabisha hodi. Bibi kizee alikuwa ameikumbatia laptopu kifuani, na mkwewe, aliyeleta boksi kutoka botini, amesimama mbele yake.

"Mama, inadai neno la siri. Nipe nimpelekee fundi aifute yote, ianze upya."

"Haiguswi! Eliseo hajashukuriwa. Nitamshukuru mwanangu kwanza, fundi baadaye."

"Yuko zamu kwenye kiwanda cha sukari kule Bacolod, hapokei simu tangu asubuhi!"

"Basi atapokea jioni. Wewe mwenye haraka, ndiye uliyeinunua?"

Delfina akapiga magoti. "Mama, nisamehe. Hii ni yangu, maboksi yalibadilishana. Mwanao amekutumia biskuti."

Bibi alilitazama boksi mikononi mwangu. Hakulipokea.

"Mwaka jana aliniahidi kitu cha kuonana nyuso," alisema. "Nikajua ndiyo hii."

Niliona aibu, utadhani mimi ndiye niliyemnyang'anya. Delfina akaandika neno lake la siri, akamwonyesha ile video kuwa ushahidi. Mzee Teopisto akainuka kitini, binti yake akamshika mikono, wakacheza. Bibi aliangalia mpaka mwisho.

"Nani huyu?"

"Ni marehemu, mama. Wanamzika leo. Binti yake ananisubiri nayo."

Mama Puring akaifunika laptopu kwa taulo kwa mikono yake mwenyewe, akaweka diski juu yake. "Kimbieni. Wangu yu hai, nitamngoja."

Tulikuta jeneza limeshainuliwa mabegani. Analyn alipotuona akapaza sauti, "Lishusheni!" Wakalishusha. Laptopu ikawekwa juu ya kifuniko, na ua mzima ukamtazama mzee akicheza. Analyn aliomba irudiwe. Nililia, na Delfina akalia kunishinda.

Jioni, badala ya kuwahi boti, tulirudi Oton. Delfina akaifungua laptopu mezani na kumpigia Eliseo kwa simu ya video. Mama Puring akaomba achane nywele kwanza. Iliita weee, haikupokewa. Tukajaribu tena. Mara ya tatu ikatokea sura ya mwanamume aliyelowa jasho, na bibi akaanza na neno alilolishikilia kutwa nzima.

"Asante, mwanangu," akasema. "Biskuti zimefika."