Sauti ya Mwalimu Okoth Wiki ya Krismasi

Siku yangu ya kwanza kazini redioni nilikabidhiwa wembe. Nilikuwa nimevaa gauni jipya nikidhani watu wataniona, kumbe fundi mitambo haonekani wala hasikiki. Fundi Mkuu wa Kisumu alinionyesha mkanda, ule utepe wa kahawia uliobeba sauti, akaniambia, "Mtu akikohoa, unakata. Akisitasita, unakata, halafu unaunga. Msikilizaji asijue kuna mtu alishika wembe." Kazi hiyo iliniachia makovu vidoleni, lakini niliipenda kwelikweli.

Kutoka Kisumu nilipelekwa Migori kurekodi wakulima wa tumbaku, kinasa sauti kizito kikinining'inia begani. Miaka ya tisini ilinikuta Homa Bay, kwenye studio ndogo chini ya Mkuu wa Vipindi. Bwana huyo alifunga tai hata kwenye joto la ziwani, na aliogopa kitu kimoja tu: hewa kukaa kimya. Redio ikinyamaza kidogo, simu ya makao makuu ililia mezani kwake, na sisi ndio tuliotolewa macho.

Wiki ya Krismasi tulikuwa na vipindi vya mazungumzo tangu asubuhi hadi jioni: ukulima wa Lambwe na habari za mbung'o, muuguzi akieleza watu wachemshe maji, mahubiri, mchezo wa kuigiza. Karibu vyote tulivirekodi mapema ili wafanyakazi waende makwao. Tuliviita kiporo. Vilivyosomwa papo hapo ni habari na matangazo ya vifo tu, na matangazo hayo yalisikilizwa kuliko kitu kingine chochote. Simu zilikuwa chache, na watu wetu walikuwa wanakwisha, vijana kwa wazee, kwa ugonjwa ambao hatukuruhusiwa kuutaja. Tulisema "baada ya kuugua kwa muda," tukasoma jina linalofuata.

Mwalimu Okoth wa kisiwa cha Rusinga alikuwa mstaafu aliyekuwa akituletea mazungumzo kila mwezi. Mapema Desemba alikuja kurekodi kiporo chake, akakohoa sana, nami nikakaa na wembe wangu nikiondoa kikohozi kimoja kimoja. Nilipomaliza alisikika mzima kabisa. Katika mazungumzo yale aliwasihi vijana walio mbali warudi nyumbani, akacheka kile kicheko chake kipana.

Siku chache kabla ya Krismasi mdogo wake alifika studioni asubuhi, suruali imejaa vumbi. "Dada yangu, Mwalimu ametuacha," akasema. "Mochari ya huku imejaa, tuko naye nyumbani. Mwanawe wa kwanza, Ochieng', yuko Migori kwa machimbo ya dhahabu. Huyo ndiye anafaa kutupa mchanga wa kwanza. Mwambieni arudi haraka, hatuwezi kumweka mzee siku nyingi kwa hii joto."

Tangazo lilisomwa mara tu baada ya habari. Ndipo nilipotazama ratiba nikaona mazungumzo ya Mwalimu yamepangwa siku hiyo hiyo, kabla ya adhuhuri. Nilikwenda kwa Mkuu wa Vipindi nikiwa nimeshika spuli, lile gurudumu linalozungushiwa mkanda.

"Bwana Mkuu, huyu mzee amefariki. Tumemtangaza sasa hivi."

"Pole sana. Lakini hiyo nusu saa nitaijaza na nini? Kipindi tumeshakitangaza."

"Basi msomaji aseme kwanza kwamba mzee ameaga, na kwamba haya aliyarekodi mapema."

"Mama Atieno, wewe unataka kuharibia watu Krismasi? Asubuhi wamesikia maiti, sasa tena maiti? Leta hapa."

Alininyang'anya spuli, akaiweka mwenyewe kwenye mtambo. Taa nyekundu ikawaka. Nilisimama nyuma yake, huku Mwalimu akiwasalimia wasikilizaji kwa sauti ile niliyoisafisha mimi.

Rusinga walingoja. Ochieng' hakutokea. Maiti ilipoanza kuharibika walizika bila yeye, na mchanga wa kwanza ukatupwa na baba yake mdogo.

Mwaka mpya ulipoingia, kijana mmoja alikuja studioni akaulizia aliyeweka kile kipindi. Mkuu wa Vipindi alisema ana mkutano, akafunga mlango. Nikatoka mimi. Alikuwa Ochieng'.

"Wenzangu walinipata shimoni wakaniambia baba ametangazwa," alinieleza. "Nikakimbia kwa duka nisikilize mwenyewe. Nikampata baba anaongea. Anacheka. Nikawaambia, nyinyi, Okoth ni wengi! Nikawanunulia chai wote, kwa furaha. Nikarudi shimoni. Nikasema nitaenda tu Januari."

Hakunitukana. Heri angenitukana. Aliomba tu amsikie tena, nami nikamkalisha studioni nikauweka mkanda. Baba yake alipofika pale pa kuwasihi vijana warudi nyumbani, kijana aliinamia kipaza sauti akajibu, "Asebiro, Baba." Yaani, nimeshakuja. Mwalimu akaendelea na mazungumzo yake.

Nimestaafu sasa. Mkuu wa Vipindi alipandishwa cheo, akaagwa kwa hotuba nzuri, na kisa hiki hakikutajwa. Vijana wa studio hunitembelea, hukata sauti kwa kompyuta bila hata kuchubuka kidole, nami hufurahi kuwaona. Huwaambia wasirushe sauti ya mtu bila kuuliza kwanza kama yuko hai. Wao hucheka, wakidhani ni maneno ya uzee. Lakini mtu alikimbia kutoka shimoni kuja kutuuliza habari za baba yake, tukamwambia yuko mzima, anacheka, naye akatuamini.